UKURUTU: KWA NINI HUAMKA, NA NAMNA YA KUUTULIZA

Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kusoma habari za michezo, safari na hadithi. Leo naomba nafasi niandike somo juu ya ugonjwa mmoja wa ngozi ambao wengi wetu tumeuona, wachache twaujua kwa jina lake, na karibu sote tumewahi kuusema vibaya. Ugonjwa huo ni ukurutu, ambao wengine huuita pumu ya ngozi. Mimi sikujifunza habari zake kitabuni kwanza. Nilizijifunza nyumbani kwa mdogo wangu wa kike, ndipo nikaenda kitabuni kutafuta maana ya yale niliyoyaona.

Jinsi nilivyoanza kuuchunguza

Kwetu ni Bwera, si mbali na mpaka wa Mpondwe, mahali ambapo watu wa Uganda na watu wa Kongo hukutana siku za soko. Mama huuza samaki wakavu na chumvi ya Katwe. Mdogo wangu alikuwa na umri wa miaka tisa, darasa la nne. Tangu uchanga wake ngozi yake ilikuwa kavu kama jani la mgomba lililokauka. Alipokuwa mtoto wa kubebwa alitoka vipele mashavuni. Alipokua vikahamia kwenye vikunjo vya mikono, nyuma ya magoti na shingoni. Vilikuwa vikilala miezi miwili mitatu, kisha vikaamka tena.

Mwezi wa Julai 2024 wagonjwa wa kwanza wawili wa mpox nchini Uganda walithibitishwa katika wilaya yetu ya Kasese, upande huu wetu wa mpakani. Habari ilipofika sokoni, kila mtu akaanza kutazama ngozi ya jirani yake. Kwa bahati mbaya, wiki zile zile ukurutu wa mdogo wangu uliamka kwa nguvu, ngozi ikawa nyeusi na nene, ikapasuka, ikatoa majimaji. Shuleni mwenzake akahama dawati. Jirani mmoja akamkataza mwanawe asiende naye kuchota maji. Jioni moja mdogo wangu akanijia nyuma ya jiko akaniuliza, "Kaka, ni kweli mimi nitawaua watu?"

Nilikuwa kidato cha tano. Ungeniambia nichore ngozi ya mwanadamu na kuandika majina ya sehemu zake zote, ningeichora bila kosa. Lakini swali lile sikuweza kulijibu.

Mama akampeleka kituo cha afya, nami nikafuatana nao. Daktari alimtazama mtoto mikono, miguu, viganja na mdomo, akampima joto, akauliza habari za ukoo. Mama akamweleza kuwa yeye mwenyewe ana pumu tangu usichana wake. Daktari akasema, "Mama, mtoto huyu hana mpox. Ana ukurutu. Hakuambukizwa na mtu, wala hawezi kumwambukiza mtu." Kisha akanigeukia akasema, "Na wewe kijana, kwa kuwa wasoma sayansi, kazi yako ni kutafuta nini kinachouamsha." Nilikwenda nyumbani nikinunua daftari njiani.

Ukurutu ni nini?

Wazungu huuita kwa neno litokalo katika Kiyunani, ambalo maana yake ni kuchemka na kufurika. Aliyetunga jina hilo aliona vyema, kwani ngozi huvimba, hutoa vipele vidogo na wakati mwingine huvuja maji, kama chungu kilichopata moto mwingi.

Chanzo chake ni hivi. Ngozi ya mtu ni kama ukuta wa nyumba ya miti na udongo. Chembe za ngozi ndizo miti, na mafuta yaliyo kati yake ndiyo udongo. Ukuta uliokandikwa vizuri hauruhusu upepo kupenya wala wadudu kuingia. Sasa mwenye ukurutu amezaliwa na ukuta wenye mkandiko mwembamba. Maji ya mwili hutoka upesi, na ngozi hukauka. Vumbi, sabuni na vijidudu huingia kwa urahisi. Askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na adui, huona wageni wengi mlangoni, nao hupiga vita hata pasipo haja. Vita hivyo ndivyo tuvionavyo kuwa uvimbe na mwasho.

Mwaka 2006 wataalamu waliofanya kazi pamoja na Chuo Kikuu cha Dundee, huko Uskoti, walionyesha ya kuwa watu wengi wa Ulaya wenye ukurutu wana hitilafu ya urithi katika protini iitwayo filagrini, ambayo ni sehemu ya mkandiko huo. Kwa watu wa asili ya Afrika hitilafu hiyo hiyo haionekani sana, kwa hiyo ukuta huweza kuwa dhaifu kwa njia zaidi ya moja. Lakini jambo hili ni la hakika: ukurutu hufuata ukoo. Nyumba yenye pumu, au yenye watu wanaopiga chafya na kuwashwa macho kila msimu wa vumbi, huelekea kuwa na mtoto mwenye ukurutu. Basi si laana, si uchawi, wala si uchafu wa mama.

Yafaa pia kujua ya kuwa vitabu vingi huonyesha picha za ukurutu kwenye ngozi nyeupe, navyo husema ngozi huwa nyekundu. Kwetu sisi wekundu hauonekani vizuri. Ngozi yetu huwa nyeusi zaidi, au ya kijivu, au ya zambarau, na mara nyingi hutoa vipele vidogo vidogo penye vinyweleo. Baada ya kupona huacha baka jeusi au jeupe, ambalo huondoka polepole kwa miezi. Anayetafuta wekundu kwenye ngozi yetu atasema hakuna ugonjwa, na mtoto anaumia.

Mambo yanayouamsha

Haya ndiyo mambo ambayo wataalamu wamekubaliana kuwa huamsha ukurutu mara kwa mara.

Kwanza ni ukavu. Miezi ya kiangazi, na kuoga maji ya moto kwa muda mrefu, hukausha ngozi na kuzidisha nyufa.

Pili ni sabuni kali. Sabuni ya kufulia nguo, ya kipande au ya unga, huondoa mafuta ya ngozi kama inavyoondoa mafuta ya sufuria. Manukato yaliyomo katika sabuni na mafuta mengine nayo huchokoza.

Tatu ni joto na jasho. Mtu akienda kutoka milimani hadi Kasese mjini, kwenye tambarare yenye jua kali, huona tofauti siku ile ile.

Nne ni nguo za sufu au za nailoni zinazokwaruza mwili na kufungia jasho ndani.

Tano ni vijidudu. Kuna kijidudu kiitwacho stafilokoka ambacho hupenda kukaa kwenye ngozi yenye ukurutu. Kikiongezeka, vidonda hutoa usaha na magamba ya rangi ya asali.

Sita ni vumbi la nyumba, pamoja na wale wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaoishi katika magodoro na mablanketi. Kwa watu wengine pia moshi na manyoya ya wanyama.

Saba ni mashaka ya moyo. Hofu ya mitihani na huzuni haviumbi ukurutu, lakini huzidisha mwasho.

Juu ya hayo yote kuna kujikuna. Ngozi huwasha, mtu hujikuna. Kucha hupasua ukuta. Ufa mpya huleta mwasho mpya. Ni mduara usiokuwa na mwisho, nao huzunguka zaidi usiku, hata mtoto asipate usingizi, na asubuhi asinzie darasani. Mwalimu asiyejua humwita mvivu.

Daftari langu

Sasa nirudi kwenye lile daftari. Kwa wiki nane, tangu Septemba mpaka Novemba 2024, kila jioni niliandika mambo matano: alikula nini, alivaa nini, alioga kwa sabuni gani, hali ya hewa ilikuwaje, na mwasho ulikuwa kiasi gani, kuanzia sifuri mpaka kumi, kwa maneno yake mwenyewe.

Kabla ya hapo shangazi yetu, akaaye Kasese mjini, alikuwa amekwisha kutoa hukumu kuwa samaki, mayai na karanga ndivyo adui. Mtoto alikuwa amenyimwa vyote hivyo kwa miezi minne, akala ugali wa muhogo na mboga za majani tu, akakonda. Tena shangazi alitushauri tumwogeshe kwa maji ya chumvi nzito ya Katwe. Tulimwogesha mara moja. Sitaki kueleza alivyolia.

Baada ya wiki tatu za kuandika, nilimwomba Mama amrudishie samaki. Nikatazama siku ile na siku mbili zilizofuata: hakuna badiliko. Wiki iliyofuata tukarudisha mayai, kisha karanga, kimoja kimoja. Mwasho haukupanda. Wapo watoto ambao chakula fulani huwadhuru kweli, hasa wachanga, na dalili zake mara nyingi huja upesi, kama kuvimba midomo au kutapika. Mtoto wa namna hiyo asijaribiwe nyumbani, bali apelekwe kwa daktari. Lakini kumnyima mtoto protini kwa kubahatisha tu ni kumwongezea ugonjwa wa pili.

Daftari lilionyesha mambo mengine ambayo hatukuyafikiri. Mwasho ulipanda kila Jumamosi usiku na Jumapili. Kwa nini? Kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ya kufua, naye alikuwa akimsaidia Mama, mikono ndani ya povu, kisha akaoga kwa sabuni ile ile iliyobaki. Tena ulipanda siku za jua alizovaa sweta ya shule mpaka jioni.

Hapa nawaomba wanafunzi wenzangu wa sayansi mwangalie. Jambo kutangulia jingine si dalili ya kutosha kuwa limelileta. Kwa hiyo tulijaribu. Wiki mbili akaacha sweta na kuvaa shati la pamba tu, lakini kufua tukakuacha vile vile. Mwasho wa shingo ukapungua kutoka saba mpaka tatu. Akarudishiwa sweta siku tatu, nao ukapanda tena. Ndipo tukaachana nayo. Baadaye tukabadili sabuni. Kama tungaliyabadili yote siku moja, tusingalijua lipi lilikuwa na kosa. Tena matokeo haya ni ya mtoto mmoja tu. Mwenye ukurutu mwingine hana budi kuwa na daftari lake.

Namna ya kuutuliza

Ukurutu hauna dawa ya kuumaliza moja kwa moja, ingawa watoto wengi hupata nafuu kubwa wanapokua. Twaweza hata hivyo kuufanya ulale muda mrefu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa mithali hiyo ni kweli neno kwa neno.

Oga mara moja kwa siku, kwa maji ya vuguvugu, kwa muda mfupi kama dakika tano hadi kumi. Tumia sabuni laini isiyo na manukato, tena mahali penye uchafu tu. Jikaushe kwa kugusagusa na taulo, usijisugue. Kisha, ngozi ikiwa bado na unyevu, katika dakika chache zile zile, jipake mafuta ya mgando yasiyo na manukato, mwili mzima. Hayo ndiyo mkandiko wetu. Paka tena usiku, na paka hata siku ambazo huoni ugonjwa, maana nyumba hukandikwa kabla ya mvua. Mafuta hayo hupatikana katika kila duka, na bei yake si kubwa.

Kata kucha ziwe fupi. Mtoto akiwashwa, mwekee kitambaa kilicholowanishwa maji baridi badala ya kumgombeza asijikune. Vaa pamba. Suuza nguo vizuri sabuni yote itoke, na anika magodoro na mablanketi juani.

Ukurutu ukiamka, mafuta peke yake hayatoshi, na dawa ya kutuliza uvimbe yahitajika. Mwaka 1952 madaktari wa Marekani, Sulzberger na Witten, walionyesha ya kuwa dawa ambayo leo huitwa haidrokotisoni, ikipakwa juu ya ngozi, hutuliza magonjwa ya namna hii. Mpaka leo dawa za jamii hiyo, ambazo huitwa steroidi, ndizo msingi wa matibabu. Hupakwa mahali penye ugonjwa tu, mara moja au mbili kwa siku, kwa siku zile alizosema daktari. Kiasi kinachojaa kutoka ncha ya kidole cha shahada mpaka kifundo chake cha kwanza chatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Zikitumiwa hivyo hazina hatari kubwa, na wale wanaoziogopa hata wakaziacha siku ya pili huwatesa watoto wao bure.

Jihadharini na mikebe ya sokoni

Hatari ipo mahali pengine. Katika masoko ya mpakani, na katika miji yote ya Afrika Mashariki, huuzwa krimu za kung'arisha uso. Nyingi zina steroidi kali sana ndani yake, hata kama mkebe hausemi hivyo. Sisi wenyewe tulinunua mojawapo. Kwa siku tano ngozi ya mtoto ikawa nzuri ajabu, na Mama akafurahi. Tulipoiacha, ugonjwa ukarudi mkali kuliko kwanza. Dawa kali namna hiyo, ikipakwa usoni kwa miezi, hufanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, huleta chunusi na mistari isiyofutika. Tena mtu mwenye choa akiipaka, choa hutambaa mwili mzima huku kikijificha. Basi msinunue dawa ya ngozi kwa mtu asiyejua ugonjwa wenu.

Tutofautishe magonjwa

Kwa ajili ya wenzetu wa mabwenini naongeza haya. Wanafunzi kadhaa wa chumba kimoja wakiwashwa usiku pamoja, na vipele vikiwa kati ya vidole na kiunoni, mfikirie upele, ambao huambukiza na hutibiwa wote kwa pamoja. Duara lenye ukingo ulioinuka laweza kuwa choa. Mpox mara nyingi huja na homa, tezi zilizovimba na malengelenge yenye maumivu, ambayo hujaa usaha kisha hufanya magamba. Huweza kutokea hata viganjani. Ukurutu ni kavu, huwasha kuliko kuuma, na hurudi mahali pale pale mwaka hata mwaka.

Lakini mwenye ukurutu asijione salama kwa kila jambo, kwa kuwa ukuta wenye nyufa huingiza magonjwa mengine. Akipata homa, au vidonda vidogo vya duara vyenye maumivu vinavyoenea upesi, au usaha mwingi, apelekwe hospitali siku ile ile bila kungoja kesho.

Wilaya nyingi hazina daktari wa ngozi, lakini elimu hiyo ipo karibu. Huko Moshi, Tanzania, tangu mwaka 1992 kuna chuo cha magonjwa ya ngozi kinachofundisha waganga kutoka nchi nyingi za Afrika. Nani ajuaye, huenda mmoja wa wasomaji wa gazeti hili akaenda kusoma huko.

Mwisho

Mdogo wangu bado ana ukurutu. Kiangazi kilichopita uliamka mara moja, ukalala baada ya wiki moja. Lile swali lake nililijibu siku ile tuliyotoka kwa daktari, nikamwambia, "Hapana, hutamwua mtu yeyote." Lakini niliona ya kuwa jibu langu peke yangu halikumtosha. Kilichomtosha ni siku mwalimu wake alipolieleza darasa zima maneno ya daktari, kisha akamshika mtoto mkono mbele ya wote. Kesho yake yule mwenzake akarudi kwenye dawati.

Mafuta ya mgando kila duka linayo, wenzangu, na daftari kila mwanafunzi analo. Lakini kumshika mkono mwenye ukurutu ni jambo ambalo haliuzwi, nalo laweza kufanywa leo, katika shule hii, kabla ya kengele ya jioni.